Kubadili vitufe vya less: mwongozo kamili kwa waliojaribu wakakwama

"Mwalimu, nimeandika kila kitu kama ulivyonielekeza, lakini kitufe hakitii." Maneno haya niliambiwa na karani wa chama cha msingi aliyeshuka kutoka upande wa Newala akiwa na kompyuta yake mpakato ndani ya mfuko wa salfeti, na tangu siku hiyo nimeyasikia tena kwa namna mbalimbali hapa Mtwara mjini, kutoka Masasi na hata kwa vijana wa Lindi wanaojifunza Linux kwenye simu. Nilipofungua faili lake la mikato, yaani la vitufe vilivyopewa kazi mpya, nilikuta halina kosa hata la nukta. Kilichokosekana ni kwamba programu yake ya less, ile ya kusomea faili ndani ya terminali, ilikuwa ya toleo la zamani, na toleo hilo halisomi faili lile moja kwa moja.

Kwa uzoefu wangu, wengi wanaokwama katika kazi hii hawakwami kwa sababu wameandika vibaya, bali kwa sababu wameandika vizuri mahali ambapo programu haipatazami. Ndiyo maana hatua za mwanzo za mwongozo huu ni za uchunguzi, na mkato wa kwanza wa maana utauona baadaye kidogo. Ukiziruka, huenda ukarudi ulikotoka.

Ninachukulia kwamba unajua tayari kufungua faili kwa `less`, kushuka kwa kitufe cha nafasi, kutafuta kwa `/` na kutoka kwa `q`.

## Vinavyohitajika

- Kompyuta yenye Linux, au simu ya Android yenye Termux, programu inayoleta terminali ya Linux kwenye simu. Katika Termux, `pkg install less nano` itakupa unachohitaji.
- Programu ya kuhariri maandishi ndani ya terminali. Nitatumia `nano` kwa kuwa ndiyo wengi wanayoizoea.
- Faili la kujaribia, ambalo tutalitengeneza wenyewe katika hatua ya 2.
- Daftari na kalamu. Utaandika vitufe unavyovitumia kila siku kabla ya kuvigusa.

Huhitaji nywila ya msimamizi. Kila kitu kinafanyika ndani ya folda yako ya nyumbani, kwa hiyo ukiharibu umejiharibia wewe peke yako, na kurekebisha ni kazi ya amri moja.

## Hatua ya 1: Jua toleo la less ulilonalo

Andika:

```
less --version | head -n 1
```

Jibu litaanza na neno `less` likifuatiwa na namba. Namba hiyo ndiyo itakayoamua njia yako kuanzia hapa hadi mwisho, kwa hiyo iandike kwenye daftari.

Mpaka ni 582. Toleo la 582 na yote yaliyofuata husoma faili la maandishi la mikato moja kwa moja kila less inapofunguliwa. Matoleo yaliyotangulia hayawezi. Yanahitaji programu ndogo inayoitwa `lesskey` iligeuze kwanza faili hilo kuwa faili la mashine, na less husoma hilo la pili tu.

Ubuntu 20.04 na Debian 11 zilikuja na toleo la 551, yaani upande wa zamani. Ubuntu 22.04, Ubuntu 24.04 na Debian 12 zina 590, upande wa mpya. Kompyuta nyingi zilizotumika ambazo watu huzinunua hazijasasishwa kwa muda mrefu, kwa hiyo usikisie kwa kutazama sura ya mashine.

Onyo: ikiwa amri imelalamika kwamba haitambui `--version`, yumkini unatumia less ndogo iliyomo ndani ya BusyBox (kifurushi cha zana ndogondogo za Linux), kama ile inayopatikana kwenye Alpine Linux. Hiyo haina kabisa uwezo wa kubadilisha vitufe. Sakinisha less kamili kwanza. Kwenye Alpine ni `apk add less`.

Umefaulu ukiwa na namba moja mkononi na unajua iko upande gani wa 582.

## Hatua ya 2: Tengeneza faili la kujaribia

Usijaribie kwenye faili halisi la kazi. less haibadilishi maandishi, lakini kitufe cha `v` hufungua programu ya kuhariri, na kidole kilichokosea huweza kufuta rekodi ya mtu.

Bandika hii kwenye terminali:

```
for n in $(seq 1 300); do
  hali=IMELIPWA
  [ $((n % 17)) -eq 0 ] && hali=HAIJALIPWA
  echo "STK-$n,MKULIMA-$n,ghala-2,magunia $((n % 9 + 1)),kilo $(( (n % 9 + 1) * 80 )),daraja la kwanza,mnada-3,$hali,karani-1,mizani-2,imehakikiwa,nakala imechapishwa,imepelekwa bandarini"
done > mizani.csv
```

Sasa una mistari 300 inayofanana na orodha ya stakabadhi za korosho, na kila mstari wa 17 una neno HAIJALIPWA. Mistari ni mirefu kwa makusudi. Ukifungua `less mizani.csv` kwenye skrini ya upana wa kawaida utaona kila mstari umejikunja na kuingia kwenye wa pili, hivi kwamba jicho halijui tena safu ya kilo iko wapi. Huo ndio usumbufu tutakaouondoa.

## Hatua ya 3: Tafuta faili linalosomwa

Kabla ya kuandika chochote, tazama kama kuna kitu tayari:

```
ls -l ~/.config/lesskey ~/.lesskey ~/.less
echo "$XDG_CONFIG_HOME" "$LESSKEYIN" "$LESSKEY"
```

Kwa mtu anayeanza, amri ya kwanza italalamika mara tatu kwamba faili halipo na ya pili itatoa mstari mtupu. Hiyo ni habari njema.

Ikiwa faili mojawapo lipo, fahamu utaratibu. Less mpya huanza kutazama kama umeitajia faili kupitia `LESSKEYIN`. Kama hakuna, hutafuta `lesskey` ndani ya folda iliyotajwa na `XDG_CONFIG_HOME`, kisha ndani ya `~/.config`, na `~/.lesskey` huja mwisho kabisa. Ikishapata moja haiendelei na nyingine. Kijana mmoja wa Lindi alihangaika jioni nzima na `~/.lesskey` wakati mpangilio alioupakua zamani ulikuwa umelala ndani ya `~/.config/lesskey`, ukisomwa badala ya wake.

Less ya zamani haijui lolote kati ya hayo. Yenyewe hutazama `~/.less`, au faili lililotajwa na `LESSKEY`, na yote mawili ni faili la mashine lililotolewa na programu ya `lesskey`. Ukilifungua kwa nano utaona alama zisizosomeka. Lifunge bila kuhifadhi.

Katika mwongozo huu tutatumia `~/.lesskey`, kwa kuwa jina hilo linafaa pande zote mbili. Kama una `~/.config/lesskey` usiyoihitaji, iweke kando:

```
mv ~/.config/lesskey ~/.config/lesskey.zamani
```

## Hatua ya 4: Kitufe kimoja tu, kisicho na kazi

Hapa ndipo watu huwa na pupa. Wanabandika mistari 40 waliyoipata mahali, hakuna kinachofanya kazi, na hawana njia ya kujua mstari upi umewaangusha. Anza na kitufe kimoja ambacho less haikitumii, ili ukikishika ujue bila shaka kwamba kazi yake imetoka kwako. Kitufe cha `x` kinafaa.

Kwanza thibitisha kwamba hakina kazi: fungua `less mizani.csv`, bonyeza `x`. Utasikia mlio au hutaona chochote. Toka kwa `q`.

Kisha andika `nano ~/.lesskey` na uweke mistari hii miwili:

```
#command
x status
```

Mstari wa kwanza unatangaza kwamba yanayofuata ni vitufe vya amri. Wa pili una sehemu mbili zilizotengwa na nafasi: kitufe, halafu jina la kitendo. `status` ni kitendo cha kuonyesha jina la faili, mistari uliyofikia na asilimia ya ulikosoma. Nimekichagua kwa kuwa hakiwezi kudhuru kitu.

Hifadhi na utoke. Ikiwa toleo lako ni chini ya 582, sasa endesha:

```
lesskey
```

Itasoma `~/.lesskey` na kuandika `~/.less`. Amri hii utairudia kila mara baada ya kubadilisha faili, hata ukibadilisha herufi moja. Ndiyo iliyomkwamisha karani wa Newala. Aliye na toleo jipya hana haja nayo, na akiiendesha ataambiwa tu kwamba haihitajiki tena.

Fungua tena `less mizani.csv` na ubonyeze `x`. Umefaulu ukiona mstari wa chini umebadilika na kutaja `mizani.csv` pamoja na namba za mistari.

Kama bado hakitii, pitia haya kwa mpangilio huu.

Je, ulikuwa na less nyingine imeachwa wazi? Faili la mikato husomwa wakati less inapofunguliwa, si katikati. Itoke yote uifungue upya.

Je, jina la faili ni sahihi? Lazima lianze na nukta na lisiwe na `.txt` mwishoni. Aliyeandika kwenye simu kwa programu nyingine kisha akahamisha faili mara nyingi hukuta limeongezewa mkia huo.

Je, herufi ni ndogo zote? Mpangilio uliotumwa kwa WhatsApp mara nyingi hufika na `Status` au `X`, kwa kuwa kibodi ya simu hupenda kuanzisha kila mstari kwa herufi kubwa. Kwa less, `X` na `x` ni vitufe viwili tofauti, na `Status` si kitendo chochote.

Je, programu ya `lesskey` ya zamani ilitaja kosa? Ikitaja namba ya mstari na neno isilolijua, fahamu kwamba haikutoa faili jipya kabisa. `~/.less` ya jana ndiyo ingali ikitumika, na hapo mtu hudhani mabadiliko yake "hayashiki" wakati kwa kweli hayajawahi kuingia.

## Hatua ya 5: Namna ya kuandika jina la kitufe

Herufi ya kawaida huandikwa ilivyo. Vitufe vingine vina maandishi yake, na machache yafuatayo yatakutosha kwa miaka:

```
^F      Ctrl pamoja na f
\e      Esc
\t      Tab
\n      Enter
\ku     kishale cha juu
\kd     kishale cha chini
\kl     kishale cha kushoto
\kr     kishale cha kulia
\kU     ukurasa juu
\kD     ukurasa chini
\40     kitufe cha nafasi
```

Angalia tofauti ya `\ku` na `\kU`. Herufi kubwa inabadilisha maana. Alama ya `#` huanzisha maelezo, kwa hiyo anayetaka kuitumia kama kitufe aandike `\#`. Maelezo yako mwenyewe yaweke kwenye mstari wake wa pekee, usiyaunge nyuma ya amri.

Kuna vitufe visivyo na jina hapo juu, kama F5 au Ctrl pamoja na kishale. Usikisie. Andika `cat -v`, bonyeza kitufe hicho, na utazame kinachotokea. Kwenye terminali nyingi F5 hutoa `^[[15~`. Hizo alama mbili za mwanzo, `^[`, ndizo Esc, kwa hiyo katika faili lako utaandika `\e[15~`. Toka kwa Ctrl pamoja na c.

Watumiaji wa Termux wakumbuke kwamba kitufe cha kupunguza sauti hufanya kazi ya Ctrl. Ningewashauri wachague herufi za kawaida. Kushikilia kitufe cha pembeni ya simu huku ukiandika kwa kidole kingine ni adhabu.

## Hatua ya 6: Mikato ya kusomea jedwali pana

Sasa tunaingia kwenye kazi yenyewe. Andika faili lako lisomeke hivi:

```
#command
x status
# kata au kunja mistari mirefu
S noaction -S\n
# namba za mistari
L noaction -N\n
# sogea safu 20 kushoto na kulia
i noaction 20\e(
o noaction 20\e)
# stakabadhi ambazo hazijalipwa
c noaction /HAIJALIPWA\n
```

Kitendo cha `noaction` peke yake maana yake ni "usifanye lolote". Uzuri wake unaanza unapokifuatisha na maandishi mengine: less huyachukua maandishi hayo kana kwamba vidole vyako ndivyo vilivyoyabonyeza. Kwa hiyo mstari wa `c` unasema: ninapobonyeza c, chukulia nimebonyeza `/`, nikaandika HAIJALIPWA, nikamaliza kwa Enter. Ukilielewa hilo huhitaji tena kukariri orodha ndefu ya majina ya vitendo, kwa sababu chochote unachoweza kukifanya kwa mkono unaweza kukifunga ndani ya kitufe kimoja.

Mbona kuna `\n` baada ya `-S`? Jaribu kwa mkono: bonyeza `-` halafu `S`. Less inageuza mpangilio, kisha inaandika chini ujumbe na kukusubiri ubonyeze Enter. Ile `\n` inaujibu ujumbe huo kwa niaba yako. Ukiisahau mkato utafanya kazi, ila ujumbe utabaki ukikusubiri kila mara.

Onyo kubwa la hatua hii: usiache nafasi tupu mwishoni mwa mstari wenye `noaction`. Kila alama iliyo baada ya jina la kitendo huhesabiwa kuwa imebonyezwa, na kitufe cha nafasi katika less maana yake ni kushuka skrini nzima. Ukibonyeza `S` na maandishi yakaruka mbele bila kuombwa, rudi kwenye nano, peleka kishale mwisho wa mstari huo, na utakuta nafasi imejificha pale.

Jambo jingine kuhusu `i` na `o`: namba 20 inayotangulia Esc hukumbukwa. Baada ya kubonyeza `o` mara moja, vishale vya kawaida vya kushoto na kulia navyo vitaanza kusogea safu 20 badala ya nusu ya skrini kama ilivyokuwa mwanzo. Mimi napenda hivyo. Asiyependa aandike `i left-scroll` na `o right-scroll`, aache namba.

Sasa jaribu yote, ukikumbuka `lesskey` kwanza kama wewe ni wa upande wa zamani. Fungua mizani.csv na ubonyeze `S`: kila stakabadhi sasa inakaa kwenye mstari mmoja, na STK-1, STK-2, STK-3 zinashuka ukingoni zikiwa zimenyooka. Bonyeza `o`, na jedwali litateleza kushoto likakuletea safu zilizokuwa zimefichika upande wa kulia. `c` itakupeleka kwenye STK-17, halafu `n` ikupeleke STK-34. `L` itaweka namba pembeni, na ukiibonyeza tena itaziondoa.

Baadhi yenu mtataka `h` na `l` badala ya `i` na `o`, kwa mazoea ya vi, programu nyingine ya kuhariri. Hakuna ubaya: `h` ya kawaida hufungua msaada, lakini `H` kubwa nayo huufungua, kwa hiyo hupotezi kitu. Jihadharini zaidi na mikato ya herufi mbili. Ukiandika `gg goto-line`, basi `g` peke yake itakaa ikisubiri herufi ya pili, na mkono uliozoea `g` moja utadhani less imeganda.

## Hatua ya 7: Vitufe vilivyokufa na vitufe vya hatari

Hewa ya bahari ya hapa kwetu haina huruma na kibodi. Kompyuta yangu mwenyewe ilipoteza kitufe cha `/` baada ya kukaa mwaka mzima kwenye chumba kinachotazama ufukwe wa Shangani, na bila `/` hakuna kutafuta. Dawa yake ni mstari mmoja:

```
, forw-search
```

Alama ya mkato (`,`) sasa ndiyo kitufe changu cha kutafuta. Hata hivyo ninaweza kuandika alama hiyo ndani ya neno ninalolitafuta bila tatizo, kwa sababu vitufe vya `#command` havihusiki wakati unapoandika kwenye mstari wa chini. Sehemu hiyo ina vitufe vyake, na anayetaka kuvibadilisha hufungua kifungu cha `#line-edit`, kwa mfano:

```
#line-edit
^A home
^E end
```

Hivyo viwili hukupeleka mwanzo na mwisho wa unachokiandika.

Upande wa hatari, kama kompyuta inatumiwa na watu kadhaa ofisini ningezima `v` ili asitokee mtu wa kuingia kwenye uhariri kwa bahati mbaya. Mstari huu uingie chini ya `#command`:

```
v invalid
```

`invalid` hukifanya kitufe kilie kama kisichojulikana. Ile `noaction` tupu hukinyamazisha kabisa. Usidhani hii ni kufuli. Mtu anayetaka kuhariri atatoka na kufungua nano. Ni ya kuzuia kidole tu.

Usiiguse `q` mpaka umekwisha kuipa kazi yake kitufe kingine, na usitumie kabisa neno `#stop` katika majaribio yako. Neno hilo huzima vitufe vyote vya asili kwa mkupuo, pamoja na vya kutokea. Ukijifungia ndani kwa kubadilisha `q` tu, jaribu `:q` au `ZZ`. Ikishindikana, funga dirisha la terminali, fungua jingine, na uondoe faili:

```
mv ~/.lesskey ~/.lesskey.mbaya
mv ~/.less ~/.less.mbaya
```

Amri ya pili ni ya wenye toleo la zamani. Kwa wengine italalamika kwamba faili halipo, na hilo si neno.

## Hatua ya 8: Mipangilio ya kudumu

Faili hilohilo linaweza kubeba mipangilio unayotaka iwepo kila less inapofunguka. Ongeza chini kabisa:

```
#env
LESS = -i -M -R
```

`-i` hufanya utafutaji wa herufi ndogo ukamate na kubwa, kwa hiyo ukiandika `/haijalipwa` utazipata. `-M` huweka maelezo kamili chini ya skrini. `-R` huruhusu rangi.

Hiyo `-R` usiiache hata kama huna haja ya rangi leo. Kilichoandikwa hapa hushinda kile ambacho programu nyingine imeielekeza less. Git, kwa mfano, huiachia less maelekezo yake ikiwa wewe hukuweka yoyote, lakini ukiweka `LESS` yako bila `-R`, siku utakapoendesha `git log` utaona takataka za aina ya `ESC[33m` katikati ya maandishi na utadhani kompyuta imeharibika.

Kosa linalojirudia hapa ni kuandika `# env` kwa kuacha nafasi baada ya alama. Nafasi hiyo hugeuza kichwa kuwa maelezo ya kawaida, less inaendelea kudhani iko kwenye vitufe, na inakulalamikia kwamba haijui kitendo kinachoitwa `=`. Ukiona malalamiko kuhusu alama ya sawasawa, tafuta nafasi hiyo.

## Hatua ya 9: Pale ambapo mikato hutoweka

Ukifika hapa, mikato yako itafuata pia `man` na `git log`, maana zote huonyesha maandishi kupitia less kwenye mifumo mingi. Lakini itatoweka unapotumia `sudo`, kwa kuwa mara nyingi hapo less hutazama folda ya nyumbani ya root, yaani msimamizi, na si yako. Kwa `journalctl`, amri ya kusoma kumbukumbu za mfumo, chini ya `sudo` kuna sababu ya ziada: inaweza kuiweka less katika hali ya usalama, ambayo hupuuza mikato yote kwa makusudi. Usihangaike kuitengeneza, imekusudiwa iwe hivyo.

Kuhamishia mikato kwenye kompyuta nyingine, nakili `.lesskey` pekee kwa flashi au kwa `scp`. Usinakili `.less`. Faili la maandishi unaweza kulisoma, kulirekebisha na kulikagua mahali popote, ilhali lile la mashine ukilikuta limekosewa huna la kufanya ila kulitupa. Ukifika kwenye mashine mpya anza tena na namba ya toleo. Ikiwa ni chini ya 582 endesha `lesskey`, kisha fungua faili lolote kwa less na ubonyeze `x`.